JKIA: tuanze na barabara ya kurukia

Mjadala wa uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta (JKIA) ukizuka, wengi huanzia kwenye jengo: foleni, viti, paa. Ni haki yao, maana abiria hushinda humo. Mimi kazi yangu ni kupanga mwendo wa ndege, na jicho langu huenda kwanza kwenye barabara ya kurukia. Uwanja huu unayo moja tu, yenye urefu wa zaidi ya kilomita nne.

Mbona ndefu hivyo? Embakasi, ulipo uwanja, iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huku ni nyepesi, na jua la saa nane mchana huizidishia wepesi. Mabawa hayapati nguvu ya kutosha upesi, injini nazo hunyimwa hewa nzito zinayoitaka, kwa hiyo ndege iliyojaa hukimbia mbali kabla ya kunyanyuka. Wakati mwingine hulazimika kupunguza mzigo. Baridi ya usiku huleta nafuu, na ndege za mizigo zinazopeleka maua ya Naivasha Ulaya huihisi nafuu hiyo.

Majengo yamebadilika sana. Uwanja ulifunguliwa 1958, enzi za ukoloni. Mwaka 1978 abiria wakahamishiwa jengo jipya upande wa pili wa barabara ya kurukia, lililokusudiwa abiria milioni 2.5 kwa mwaka; idadi hiyo ilipitwa zamani. Tarehe 7 Agosti 2013 moto uliteketeza sehemu ya wanaowasili kutoka nje ya nchi, abiria wakahudumiwa kwenye mahema. Baadaye likaja jengo la 1A, na mpangilio wa kuwatenga wanaowasili na wanaoondoka ukarekebishwa. Bila hatua kama hizo safari ya moja kwa moja hadi New York, iliyoanza Oktoba 2018, isingewezekana.

Ndege zote hizo, hata hivyo, bado zinagombea lami ileile. Ndege kubwa ikipaa huacha nyuma yake hewa inayozunguka kwa nguvu. Ndogo inayoifuata lazima isubiri dakika mbili, pengine tatu, la sivyo inaweza kupinduliwa. Katikati ya hapo kuna nyingine inayotaka kutua, na ikishatua haina budi kutoka barabarani haraka. Njia ya kutokea ikiwa na kona kali, rubani atapunguza mwendo mno, na sekunde hizo zikijumlishwa asubuhi nzima zinakula nafasi za safari kadhaa. Ukiniuliza wapi pa kuweka fedha kwanza, nitakuonyesha hizo kona.

Halafu kuna ajali ndogo. Aprili 2023 ndege ya mizigo ilipasuka matairi ikitua, ikakwama barabarani. Uwanja mzima ukasimama kwa saa kadhaa, na ndege zikaelekezwa kwingine.

Mipango ya upanuzi imekuja na kuondoka: Greenfield, mradi wa jengo jipya la abiria, ulifutwa 2016, na ule wa Adani, kampuni ya India, uliokuwa na barabara ya pili ndani yake, ukafutwa Novemba 2024. Sitaki kurudia ugomvi wa nani ajenge. Ila ili ndege zitue sambamba bila kusubiriana, barabara mbili zinatakiwa kutengana angalau mita 1,035. Ardhi ya kutosha umbali huo ilindwe sasa, maana Embakasi na Syokimau zinazidi kujaa maghala na nyumba.