Asosieti ya biashara Marekani: dhana potofu kuhusu deni na mshahara

Kila msimu wa kujiandikisha vyuoni ukikaribia, vikundi vya WhatsApp vya Waswahili wa Dallas, Columbus na Minneapolis hurudia mjadala uleule. Mtu amechoka kubeba boksi, ana grini kadi mkononi, anataka kwenda komyuniti koleji, chuo cha umma cha ada nafuu, kusoma asosieti ya biashara, yaani digrii ya miaka miwili yenye krediti (vipimo vya masomo) 60 hivi. Nusu ya kikundi inamwambia elimu haina hasara. Nusu nyingine inamwambia mikopo ya Marekani ni kitanzi. Mimi naona wote wanakosea mahali pamoja. Wanabishana kama deni ni kubwa au dogo, na hakuna anayeuliza digrii hiyo, ya chuo hicho, itamwongezea kiasi gani juu ya anachopata sasa.

Dhana: Takwimu zinaonyesha mwenye asosieti analipwa zaidi, kwa hiyo deni litajilipa lenyewe

Takwimu zipo kweli. Kwa hesabu za serikali za mwaka 2023, mfanyakazi wa kati (nusu ya wenzake wanapata zaidi yake, nusu chini yake) mwenye cheti cha sekondari tu alipata dola 899 kwa wiki, na mwenye asosieti dola 1,058. Tofauti ni dola 159 kwa wiki, zaidi ya 8,000 kwa mwaka. Ukiishia hapo, mkopo wa dola 12,000 unaonekana mzaha.

Lakini ndani ya hiyo 1,058 wamo wauguzi waliosomea asosieti, mafundi wa eksirei na wataalamu wa usafi wa meno. Hao wana leseni, na leseni ndiyo inayowapandishia mshahara. Asosieti ya biashara ya jumla haina leseni yoyote nyuma yake. Wamo pia watu wenye miaka ishirini kazini, wakati wewe utaanzia chini.

Sasa tufanye hesabu ya mtu mmoja wa kubuni. Yuko ghalani Texas, ambako hakuna kodi ya mapato ya jimbo, analipwa dola 19 kwa saa. Anamaliza asosieti, anapata ukarani wa ofisi kwa dola 20. Amepanda dola moja, ambayo kwa saa 40 za wiki ni dola 2,080 kwa mwaka. Makato ya Social Security na Medicare, yaani pensheni na bima ya afya ya uzeeni, asilimia 7.65, yanachukua 159. Kodi ya mapato ya serikali kuu, kwa kiwango cha asilimia 12, inachukua kama 250. Zinabaki 1,671. Alikopa 12,000 kwa riba ya asilimia 6.53, ile ya mwaka wa masomo 2024-25, na analipa kwa miaka kumi: dola 136 na senti kadhaa kila mwezi, sawa na 1,637 kwa mwaka. Faida yake ni dola 34. Kwa mwaka mzima! Na bado sijahesabu saa za ziada alizoziacha akiwa darasani.

Badilisha tarakimu moja tu na picha inageuka. Aliyekuwa analipwa dola 14, tena kwa saa za kubahatisha, akipata kazi ileile ya dola 20, deni hilohilo ni jambo jema sana kwake. Vivyo hivyo aliyechagua mkondo wa uhasibu: makarani wa vitabu vya hesabu walikuwa na mshahara wa kati wa zaidi ya dola 47,000 kwa mwaka 2023, ingawa wengi wao wana uzoefu wa miaka. Kwa hiyo kabla ya kumwomba mtu ushauri, andika kwanza unalipwa kiasi gani leo. Bila tarakimu hiyo, hata rafiki aliyesoma uchumi atakuwa anakukisia tu.

Upande wa pili wa hesabu utaupata kwenye College Scorecard, tovuti ya Wizara ya Elimu ya Marekani. Ni bure. Unatafuta chuo, unafungua kozi yenyewe, unaona mapato ya kati ya waliohitimu na deni la kati waliloondoka nalo. Ila isome kwa jicho kali. Mapato yanayoonyeshwa ni ya waliopata msaada wa serikali kuu peke yao, na deni ni la waliokopa na kumaliza. Aliyeacha njiani hayumo, na huyo tutamrudia. Kozi yenye wahitimu wachache utaikuta haina takwimu kabisa.

Dhana: Chuo kimenipa dola elfu kumi na mbili

Barua ya msaada wa masomo inapofika, mistari yote hupangwa safu moja, na chini kuna jumla nono. Mtu anapiga picha, anatuma nyumbani: nimepata skolashipu. Rudi usome mstari mmoja mmoja. Penye neno "Grant" ni ruzuku, hairudishwi. Penye "Subsidized" ni mkopo ambao riba yake serikali inakulipia ukiwa masomoni. Penye "Unsubsidized" ni mkopo ambao riba inaanza kuhesabiwa siku fedha zinapotoka. "Work-study" ni kibarua: usipofanya kazi, hupati kitu.

Hapa ndipo wenye grini kadi na kipato kidogo wanapoacha fedha mezani. Ruzuku ya Pell, ile ya serikali kuu kwa wanafunzi wa kipato kidogo, mwaka 2024-25 ilifika hadi dola 7,395. Ada ya wastani ya komyuniti koleji kwa mkazi wa eneo husika ilikuwa karibu dola 4,050. Kwa anayestahili Pell yote, ada inaisha na vitabu vinapatikana bila kukopa hata senti. Fomu ya FAFSA, ya kuomba msaada wa masomo wa serikali kuu, ndiyo mlango, na haina malipo.

Basi deni linatoka wapi? Mara nyingi linatoka kwenye kodi ya nyumba, gari, na fedha za kutuma kwa mama. Aliye chini ya miaka 24 na anahesabiwa kuwa tegemezi wa wazazi anaruhusiwa mkopo wa serikali kuu hadi dola 5,500 mwaka wa kwanza na 6,500 wa pili. Anayejitegemea anaweza kufika 9,500 na 10,500, jumla 20,000. Chuo kikishakata ada, kinachobaki anapewa mwanafunzi mwenyewe, ndiyo ile rifandi inayosubiriwa kwa hamu kila muhula. Kukopa hadi kikomo kwa ajili ya rifandi ni kupeleka bati kijijini kwa riba. Sina neno na bati. Ila usiliandike kwenye daftari la elimu.

Dhana: Deni dogo halina hatari

Hii ndiyo dhana inayoniudhi kuliko zote, kwa sababu inawaumiza walio wanyonge. Wanaoshindwa kulipa mikopo ya wanafunzi Marekani aghalabu si wenye madeni makubwa. Daktari mwenye deni la laki mbili hulipa. Anayekwama ni yule wa dola elfu nne, aliyeanza asosieti, akasoma mihula miwili, ratiba ya kazi ikabadilika au mtoto akaugua, akaacha. Ana deni, hana digrii, na mshahara uko palepale.

Ukiacha kabla ya asilimia 60 ya muhula kupita, sehemu ya msaada inarudishwa serikalini, na chuo kinaweza kukudai pengo lililobaki. Miezi sita baada ya kutoka, malipo yanaanza. Siku 270 bila kulipa, mkopo unahesabiwa umeshindikana, na sheria inairuhusu serikali kuchukua hadi asilimia 15 ya mshahara wako baada ya makato bila kwenda mahakamani, pamoja na marejesho yako ya kodi.

Ndiyo maana kozi mbili kwa muhula unazozimudu, zilizolipwa kwa Pell, huwa salama kuliko kozi tano za mkopo unaozikimbiza ukitoka shifti ya usiku.

Dhana: Asosieti yoyote inakufikisha kwenye shahada kamili

Angalia herufi kwenye cheti. AA (asosieti ya sanaa) na AS (ya sayansi) zimeundwa kukuhamishia chuo kikuu. AAS, ile ya "Applied", yaani ya vitendo, imeundwa kukupeleka kazini, na krediti zake nyingi zinaweza kukataliwa. Mtu anagundua hilo akiwa amemaliza, kisha anakopa tena kurudia masomo yaleyale. Vyuo binafsi vinavyoendeshwa kwa faida, vyenye matangazo makubwa, vinahitaji tahadhari zaidi: Corinthian Colleges ilifungwa mwaka 2015, na mwaka 2022 serikali ikafuta dola bilioni 5.8 za mikopo ya wanafunzi wake wapatao 560,000. Waliosubiri msamaha huo walisubiri miaka saba.

Dhana: Nikiwa na asosieti, mwajiri ataniombea viza ya kazi ya H-1B

Hii ni kwa walioko kwa viza ya F-1, ile ya wanafunzi wa kigeni. Kazi ya H-1B inadai shahada kamili au kinacholingana nayo. Asosieti peke yake haitoshi. Na mwenye F-1 hapati Pell wala mikopo ya serikali kuu, kwa hiyo hesabu zote za hapo juu hazimhusu. Analipa ada ya mgeni, tena mara nyingi kwa jasho la mjomba.

Dhana: Stashahada ya nyumbani haina thamani huku

Wapo wenye stashahada ya biashara ya Dar es Salaam au Nairobi wanaoanza krediti ya kwanza kana kwamba hawajawahi kuona mizania. Kuna mashirika yanayotathmini vyeti vya nje, na vyuo vingi hupokea ripoti zao. Haitakuwa krediti zote, na chuo kimoja kitakubali nyingi kuliko kingine. Lakini kila kozi inayokubaliwa ni ada isiyolipwa na wiki zisizopotea, hivyo peleka nakala ya matokeo yako kwa mshauri wa uhamisho kabla hujatia saini hati ya mkopo. Na akikujibu, mwombe akuandikie.