Mswada Uliowekwa Kando: Dhana Potofu na Ukweli Kuhusu Safari ya Charlotte's Web

Mwezi Januari mwaka 1951, E. B. White alimaliza kuandika riwaya ya watoto inayohusu nguruwe anayekabiliwa na kuchinjwa, na buibui anayemwokoa kwa maneno anayoyafuma kwenye utando wake. Hakuwa mwandishi mchanga wa kubisha hodi kwa wachapishaji: alikuwa na umri wa miaka 51, alikuwa akiliandikia jarida la The New Yorker tangu miaka ya 1920, na Ursula Nordstrom, mhariri wa vitabu vya watoto katika kampuni ya Harper & Brothers, alikuwa tayari kupokea chochote ambacho angempelekea. Mswada ulikuwa kamili, mwanzo hadi mwisho. Hata hivyo White aliuweka kando, na mwezi Machi akamwandikia Nordstrom kwamba kitabu kipo ila amekiacha kwanza kiive na kipoe, kwa kuwa hakijamridhisha na huenda akakiandika upya. Ulipita mwaka mwingine kabla mhariri huyo hajautia mkononi mswada wenyewe, na Charlotte's Web ikatoka tarehe 15 Oktoba 1952.

Kisa hiki hakisimuliwi sana, pengine kwa sababu hakina mtesi. Watu hupenda safari ya mwandishi iwe na mlango uliofungwa na mtu aliyeufunga, kisha siku ya siku mlango ukafunguka. Ndiyo maana dhana zinazozunguka uandishi wa vitabu vya watoto zimeota mizizi, na karibu zote zinapwaya zikipimwa kwa riwaya hii moja.

Dhana: Riwaya ya watoto huchelewa kwa sababu wachapishaji huikataa.

Dhana hii haikutoka hewani. Richard Adams, aliyeanza kwa kuwasimulia binti zake wawili habari za sungura wakiwa safarini ndani ya gari, alikataliwa na wachapishaji kadhaa kabla Rex Collings, mchapishaji mdogo wa London, hajakubali kuitoa Watership Down mwaka 1972. White naye aliyaonja hayo kwa riwaya yake ya kwanza. Katika miaka ya 1920, akiwa amelala ndani ya treni, aliota kijana mdogo kabisa mwenye umbo la panya. Alikuwa na wapwa wengi waliopenda hadithi, na kwa kuwa hakujiamini katika kubuni papo kwa papo, aliandika visa vichache vya kijana huyo akavihifadhi kwenye droo, ili mtoto akiomba hadithi asikose cha kumsomea. Visa hivyo vilipopelekwa kwa wachapishaji katika miaka ya 1930 havikupokelewa, na Stuart Little ikatoka mwaka 1945. Hata ilipokuwa imeshakubaliwa, Anne Carroll Moore, aliyeiongoza kwa miongo kadhaa idara ya watoto ya maktaba ya umma ya New York, alimwandikia barua ndefu akimsihi asiichapishe.

Kwa hiyo kukataliwa kupo. Lakini mwaka 1951 hapakuwa na mtu yeyote aliyemzuia White, na kitabu bado kilichelewa. Kilichomchelewesha kilikuwa ndani ya mswada wenyewe, na mwandishi peke yake ndiye aliyekiona.

Dhana: Mnyama anayesema ni wa kubuni, kwa hiyo mwandishi hahitaji kuchunguza lolote.

Hapa ndipo ningependa kukaa kwa muda, maana dhana hii ndiyo inayoharibu miswada mingi ya watoto. Fisi anasema, anavaa suruali, anakwenda benki, na hakuna chochote ndani yake kinachomfanya awe fisi na asiwe binamu yetu mlafi.

White alikuwa akifuga nguruwe katika shamba lake la North Brooklin, jimbo la Maine, kwa desturi ya wakulima wa huko: kinguruwe hununuliwa baridi ikimalizika, hulishwa majira yote ya joto, kisha huchinjwa baridi inaporudi. Mwezi Septemba mwaka 1947 nguruwe mmoja aliugua. White alihangaika naye siku kadhaa na usiku wake, akamnywesha mafuta ya nyonyo, akamwita daktari wa mifugo, na mwishowe akamzika. Makala aliyoandika kuhusu kifo hicho ilitoka katika jarida la The Atlantic mwezi Januari 1948, nayo ina jambo la ajabu ambalo mwandishi halifichi: aliyekesha akimuuguza mnyama huyo ndiye aliyekuwa amepanga kumchinja. Wazo la kumwokoa nguruwe, walau katika hadithi, lilimkaa moyoni tangu hapo, ila hakuwa na wa kumwokoa.

Mwokozi alipatikana bandani. Palikuwa na buibui mkubwa wa kijivu, jike, ambaye White alimtazama kwa muda mrefu na kumwona akitaga na kuyafunika mayai yake kwa kifuko cha nyuzi. Ulipofika wakati wa kurudi New York, alikikata kile kifuko kwa wembe, akakitia ndani ya boksi tupu la peremende, na huko mjini akaliacha boksi juu ya kabati la chumbani mwake. Baada ya wiki kadhaa watoto wa buibui walianza kutokea kwenye matundu ya kifuniko. Walikuwa wadogo mno, nao wakatanda nyuzi zao kutoka kwenye kitana hadi kwenye brashi, kutoka kwenye brashi hadi kwenye kioo, na kutoka kwenye kioo hadi kwenye mkasi wa kucha. Mwenye chumba aliishi nao kwa furaha yapata wiki mbili, mpaka aliyekuwa na kazi ya kufuta vumbi kwenye kabati hilo alipogoma.

Baada ya kutazama, alisoma. Alikipata kitabu cha Willis Gertsch kuhusu buibui wa Marekani, akaenda kumwona mtaalamu huyo katika jumba la makumbusho ya viumbe na mazingira la New York. Awali alikuwa amempa buibui wake jina la ukoo la Epeira, akidhani ni wa aina nyingine. Alipojua kwamba yule wa bandani kwake kitaalamu aliitwa wakati huo Aranea cavatica, jina likabadilika, na ndiyo sababu katika riwaya buibui anajitambulisha kuwa ni Charlotte A. Cavatica. Anavitaja pia vipande saba vya mguu wake, kimoja baada ya kingine, kwa majina ya kisayansi. Anakunywa damu ya nzi, na nguruwe Wilbur anachukizwa, na mwandishi hamfanyi buibui aombe radhi kwa kuwa buibui.

Uchunguzi huo uliamua hata mwisho wa hadithi. Jike wa aina hii hutaga baridi inapokaribia, kisha hufa, na watoto wake hutotolewa bila kumwona, wakapeperuka kwa nyuzi zao joto linaporejea. Kwa hiyo Charlotte ilimlazimu afe, akiwa ameacha mayai 514. Wapo waliodhani White alimwua ili awatoe watoto machozi, lakini angemwacha hai ndipo angekuwa amewadanganya.

Msomaji wa Kiswahili, kwa upande wake, hahitaji kushawishiwa sana kwamba utando wa buibui unaweza kuokoa uhai. Wengi wetu tulisimuliwa utotoni habari za buibui aliyetanda kwenye mlango wa pango la Thaur, Mtume na Abubakari wakiwa ndani na wanaowasaka wakiwa nje. Kwamba anayeokolewa katika riwaya hii ni nguruwe ni suala jingine, na mwalimu wa pwani anayeisoma darasani atalitafutia namna yake.

Dhana: Sentensi ya kwanza unayoisoma ndiyo iliyoandikwa kwanza.

Katika warsha za uandishi nimewaona watu wakiing'arisha sura ya kwanza mwaka mzima, ilhali sura ya pili haijaandikwa. Wanaamini kwamba mwanzo ukipatikana, mengine yatafuata. Rasimu za White, zilizohifadhiwa katika chuo kikuu cha Cornell alikosoma, zinaonyesha kinyume.

Alipoanza, alimtanguliza Charlotte: buibui mkubwa wa kijivu na mahali anapoishi. Hakuridhika. Akajaribu kuanza na banda lenyewe, ukubwa wake, ukale wake na harufu zake. Akajaribu tena na mkulima Arable anayevaa viatu usiku wa manane, akawasha taa na kwenda kuwatazama nguruwe waliozaliwa, wanaozidi kwa mmoja idadi ya chuchu za mama yao. Kila mwanzo ulikuwa mzuri, na kila mmoja ulikuwa na kasoro ileile: msomaji mdogo alikuwa akiingizwa bandani bila mtu wa kumshika mkono.

Mtu huyo ni Fern, binti wa mkulima, na ndiye aliyekuja mwisho, wakati wa kuuandika upya ule mswada uliowekwa kando. Riwaya iliyochapishwa inaanza mezani asubuhi, Fern akimwuliza mama yake baba anakwenda wapi na shoka. Jibu ni kwamba anakwenda kumwua kinguruwe aliyezaliwa dhaifu. Msichana anakimbia nje na kuling'ang'ania shoka, na hadithi imeshaanza kabla hatujajua ni nani mwenye banda. Maelezo ya banda hayakutupwa. Yalisogezwa hadi mwanzoni mwa sura ya tatu, na huko yanafaa zaidi, kwa kuwa sasa tunalitazama banda tukiwa tayari na mtu tunayemwogopea.

Kuongeza mhusika baada ya kitabu kukamilika ni kazi kubwa kuliko inavyodhaniwa, kwa sababu lazima apewe la kufanya hadi mwisho, au apewe sababu ya kuondoka. White alimweka Fern kwenye kigoda bandani awasikilize wanyama wakizungumza, akampa mama anayeingiwa na wasiwasi hadi kumwona Daktari Dorian, kisha polepole akamhamishia macho kwa kijana aitwaye Henry Fussy na gurudumu la bembea la kwenye maonyesho. Charlotte anapokufa, Fern hayupo. Anne Carroll Moore, yuleyule wa ile barua ndefu, alilalamika baada ya kitabu kutoka kwamba Fern hakukuzwa vya kutosha. Nadhani alikosea kuhusu kitabu, lakini jicho lake lilikuwa kali, kwa maana aliuona mshono pale hasa kiraka kiliposhonwa.

Yote haya ni kwa riwaya isiyofika kurasa 200. Anayesema kwamba kitabu cha watoto ni kazi ya mapumziko ya likizo, kwa kuwa ni kifupi na maneno yake ni mepesi, ajaribu kuiandika sentensi ambayo mtoto wa miaka 8 hatakwama ndani yake na mtu mzima hatachoka kuisikia kila usiku.

Dhana: Mhariri huufumua mswada na mchoraji huupamba.

Mara nyingi ndivyo inavyokuwa, na si aibu. Kwa mswada huu, Nordstrom alikuwa na machache ya kusema, kwa sababu mwandishi alikuwa ameshajihariri vya kutosha. Pendekezo lake linalokumbukwa zaidi ni la maneno mawili matatu tu: sura ya 21 ilikuwa na jina lililotangaza kifo cha Charlotte kabla msomaji hajafika hapo, akashauri libadilishwe, na leo inaitwa Siku ya Mwisho.

Mchoraji, Garth Williams, ndiye aliyepata shida zaidi. Alijaribu kumpa Charlotte sura inayofanana na ya binadamu ili apendeke, na White akakataa, akitaka buibui aachwe awe buibui. Michoro iliyochapishwa inamwonyesha akiwa mdogo na mwenye miguu minane, na upendo wetu kwake unatoka katika maneno anayoyasema.

Dhana: Kitabu kikubwa hutambuliwa mara moja kwa tuzo kubwa.

Mwaka 1953 medali ya Newbery, tuzo kubwa ya vitabu vya watoto nchini Marekani, ilikwenda kwa Secret of the Andes ya Ann Nolan Clark. Charlotte's Web ilitajwa miongoni mwa vitabu vilivyostahili heshima, basi.

Dhana: Kuandika na kufuta mara nyingi huua hisia za mwandishi.

Hofu hii ni ya kweli kwa wengi, na ndiyo inayowafanya wapeleke rasimu ya kwanza kwa mchapishaji wakiamini kwamba imebeba joto la moyo. White alisubiri makusudi mpaka joto hilo lipoe. Aliisogeza milango ya hadithi yake, alibadilisha ukoo wa buibui, alipanga tarehe ya kifo chake kwa kufuata vitabu vya elimu ya viumbe, na kila neno la sura ya kifo hicho alilipitia tena na tena.

Yapata miaka 18 baada ya kitabu kutoka, aliombwa aisome riwaya yote kwa sauti ili irekodiwe. Mambo yalikwenda vizuri hadi mwisho wa sura ya 21, pale Charlotte anapokufa peke yake kwenye uwanja wa maonyesho uliobaki mtupu, na hakuna hata mmoja katika mamia ya watu waliopita hapo anayejua. Sauti ilimkatika. Mashine ikasimamishwa, akatembea kidogo nje, akarudi, ikamkatika tena. Kwa maelezo ya mtayarishaji wa rekodi hiyo, walirudia mara 17.