Mchoraji Halii Karatasini

Juma lililopita mgeni mwingine alisimama mbele ya mchoro wangu wa mkaa, akauliza swali lililonichosha miaka mingi: "Ulikuwa unalia ulipouchora?" La. Nilikuwa nikinywa kahawa tungu, nikihofia kwamba unyevu wa kusi ungelegeza karatasi kabla sijamaliza bega.

Msanii Käthe Kollwitz wa Ujerumani, mchoraji na mchongaji, alifiwa na mwanawe Peter vitani mwaka 1914, na sanamu za wazazi waombolezaji alizomchongea zilikamilika 1932. Miaka 18 si kwikwi ya usiku mmoja. Baba amepiga magoti akijikumbatia, mama ameinama, wala hakuna chozi lililochongwa.

Kwa nini basi wanafunzi wangu hukimbilia kupinda mdomo na kudondosha matone mawili shavuni, kana kwamba huzuni ni bomba lililotoboka? Sisi wa Mombasa ndio tusio na udhuru kabisa, kwa sababu mama aliyevaa buibui na nikabu, akingoja feri pale Likoni, huonyesha macho tu, na bado abiria wenzake hutambua kama ana haraka, amechoka au ametoka msibani. Wameyasoma mabega yake, na namna anavyoshika pindo la buibui.

Ndiye niliyemchora. Mstari wa bega niliukandamiza hadi ncha ya mkaa ikavunjika, kisha nikaulegeza taratibu ukafifia kabla ya kufika kwenye kiwiko; buibui lenyewe sikulijaza weusi, nililiacha karatasi tupu, ili jicho lishuke moja kwa moja hadi kwenye vidole vinavyokunja kitambaa. Hisia nazitafuta katika uzito wa mstari, kasi yake na mahali unapokatika.

Hata hivyo, mpwa wangu alipouona mchoro alicheka, akasema mama huyu amemkasirikia utingo. Nilitaka kumkemea, lakini nilipoutazama upya nikaona amesema kweli: uchovu huliangusha bega, hasira hulipandisha, nami nililiweka katikati, nikavitwisha vidole kazi yote. Nimevifuta na kuvichora mara nne. Dawa ya kushikiza mkaa usifutike bado sijaipulizia.