Forodhani si ufukwe

Ufukwe ni ukanda wa mchanga kando ya maji, ambao bahari huufunika ikijaa na kuuacha wazi ikipwa. Wengine husema ufuko, na Kenya wengi husema ufuo. Kwa hiyo anayeandika "fukwe nzuri ya Forodhani", akimaanisha bustani ya Mji Mkongwe, Zanzibar, amekosea mara mbili.

Kosa la kwanza ni la ngeli. Fukwe ni wingi: ufukwe huu, fukwe hizi, kama ufunguo huu, funguo hizi.

La pili ni kuiita Forodhani ufukwe, nalo linahitaji maelezo zaidi. Forodha ni neno la Kiarabu la bandari na mahali pa kutozea ushuru wa bidhaa, nasi tumebaki nalo katika "ushuru wa forodha". Ongeza -ni upate "penye forodha". Mizigo ilishushwa hapo, mbele ya Ngome Kongwe na Beit al-Ajaib, kabla bandari haijahamia Malindi, mtaa wa Mji Mkongwe huohuo. Bustani ilikuja baadaye, katika miaka ya 1930. Aga Khan Trust for Culture waliikarabati, ikafunguliwa upya 2009. Jina halina uhusiano na mchanga wala na urojo unaouzwa hapo, na kinachokutana na bahari pale leo ni ukuta wa mawe.

Kusema Forodhani iko pwani ni sahihi kabisa. Pwani limetokana na kitenzi kupwa: ni pale maji yanapopwa. Maana yake imepanuka hadi kubeba miji na mikoa mizima. Ufukwe haukupanuka hivyo, nao ni sehemu ndogo tu ya pwani.

Tofauti ya ufukwe na ukuta inaonekana kwa macho. Kwenye ufukwe wimbi hupanda mteremko, sehemu ya maji hunywewa na mchanga, na nguvu huishia hapo. Ukuta wima hulirudisha wimbi likiwa na nguvu, nalo huchimba mchanga chini ya msingi. Nyuma ya ukuta kuna kifusi, na maji yanayoingia humo lazima yatokee kwenye matundu yaliyoachwa ukutani. Matundu yakiziba, maji hurundikana na kuusukuma ukuta kuelekea baharini. Ukuta ukipata ufa, kila maji yakipwa hutoka na chembe za kifusi, mpaka sakafu inabaki juu ya shimo. Mpita njia huona vigae vimebonyea tu, na fundi akiviinua na kumwaga zege juu bila kuziba ufa, baada ya muda vitabonyea tena.

Hata saa ya kutembea inatofautiana. Zanzibar, wakati wa bamvua, maji hupanda na kushuka karibu mita 4. Bamvua huja mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, na siku hizo maji hujaa karibu saa kumi na kupwa karibu saa nne. Vijana wanaojirusha kutoka ukutani Forodhani saa kumi alasiri wanatua kwenye kina; anayejirusha saa nne atakuta maji haba na mawe. Kwenye ufukwe, saa nne hiyohiyo ndipo mchanga unapokuwa mpana na mgumu, mzuri kwa miguu.

Mombasa, bustani ya Mama Ngina iliyotengenezwa upya 2019 iko juu ya jabali la matumbawe linalotazama mlango wa Kilindini. Huko nako watu husema "ufuo". Anayetaka ufuo aende Nyali au Bamburi. Katiba ya Kenya, ibara ya 62, inaitaja ardhi iliyo kati ya maji kujaa na kupwa kuwa ya umma. Jabali na sakafu iliyo juu yake haimo katika kifungu hicho. Hubaki ya umma kwa sababu imetengwa iwe hivyo, na hati ya kuitenga ndiyo ya kulindwa. Anayeiita ufuo anaweza kudhani kifungu hicho kinamtosha.

Kwa pwani iliyojengwa, sema njia ya matembezi ya pwani, au mahali pa kupungia upepo. Na kwa Forodhani, "tukutane Forodhani, ukutani" inatosha, na kila mwenyeji atakuelewa.