Kiwanda cha India: vibarua wa mkandarasi na karatasi ya mshahara

Alfajiri ya tarehe 12 Desemba 2020, wafanyakazi wa zamu ya usiku katika kiwanda cha kampuni ya Wistron ya Taiwan huko Narasapura, wilayani Kolar, mashariki mwa Bengaluru, walivunja vioo na vifaa na kupindua magari. Kiwanda hicho kilikuwa kinaunganisha simu za iPhone. Madai yao yalikuwa ya kawaida kabisa: malipo pungufu, malipo yaliyochelewa, na saa za ziada zisizoonekana kwenye hesabu. Apple ilifanya ukaguzi wake ikakuta usimamizi wa saa za kazi haukuwa sawa, na kwamba baadhi ya watu walicheleweshewa malipo ya Oktoba na Novemba. Wistron ikaomba radhi na kumwondoa kiongozi wake aliyesimamia shughuli za India.

Sehemu kubwa ya watu waliokuwa pale hawakuajiriwa na Wistron. Waliletwa na wakandarasi, yaani makampuni ya kukodisha vibarua, na kila kampuni ilikuwa na orodha yake. Saa zikirekodiwa getini na mwenye kiwanda, lakini mshahara ukikokotolewa na mtu mwingine aliye mjini, kosa dogo la mahudhurio linageuka deni, na mdai hajui amdai nani. Kiwanda chenyewe kilikuwa kimeongeza watu haraka kuliko ofisi ya rasilimali watu ilivyoweza kuhimili.

Kwa nini kiwanda kikubwa kitegemee watu wa mkandarasi? Jibu la kwanza liko kwenye sheria zinazohesabu vichwa. Mwaka 1976 India iliweka sharti kwamba kiwanda chenye wafanyakazi 300 au zaidi kiombe kibali cha serikali kabla ya kupunguza watu au kufunga. Marekebisho ya 1982 yakashusha idadi hiyo hadi 100. Kibali kilikuwa kigumu kupatikana, basi wenye viwanda wakajifunza kubaki chini ya mstari: kugawa kampuni moja kuwa tatu, au kuchukua vibarua ambao hawamo kwenye daftari lao. Mageuzi ya 1991, wakati Manmohan Singh akiwa waziri wa fedha, yalifungua biashara na uwekezaji, ila sheria za kazi ziliachwa karibu kama zilivyokuwa. Uchumi ukakua, ajira rasmi ikabaki nyembamba. Mpaka leo zaidi ya wanane kati ya kila wafanyakazi kumi wa India wako nje ya mfumo rasmi.

Tarehe 21 Novemba 2025 serikali ilianza kutumia kanuni kuu nne za kazi zilizopitishwa bungeni mwaka 2019 na 2020, zikichukua nafasi ya sheria 29 za zamani. Kibali cha kupunguza watu kimerudi kwenye wafanyakazi 300. Serikali isipojibu ombi ndani ya siku 60, kibali huhesabiwa kuwa kimetolewa. Anayepunguzwa hupata mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka aliotumikia, na mwajiri huchangia siku 15 nyingine kwenye mfuko wa kumwezesha kujifunza ujuzi mpya. Fedha za mfuko huo ziingie kwenye akaunti yake ndani ya siku 45. Kazi ni suala la serikali kuu na majimbo kwa pamoja, kwa hiyo meneja asome pia kanuni za jimbo lake. Kima cha chini cha mshahara cha Tamil Nadu si cha Bihar.

Kwa upande wa vibarua wa mkandarasi, sheria mpya inawahusu kuanzia watu 50, badala ya 20 wa zamani, na inakataza kuwatumia kwenye shughuli ya msingi ya kampuni. Usafi, ulinzi, kantini, upakiaji na upakuaji havihesabiwi kuwa shughuli ya msingi, isipokuwa kama kampuni yenyewe ilianzishwa kwa kazi hiyo. Kuna mianya: kazi ambayo kwa desturi hufanywa na wakandarasi, kazi isiyohitaji mtu kwa sehemu kubwa ya siku, au ongezeko la ghafla la oda. Mianya hii hutumiwa sana, na mara nyingine vibaya. Mahakama ikiona mkataba wa mkandarasi ni kivuli tu, kwamba anayepanga zamu, anayetoa ruhusa na anayeadhibu ni mwenye kiwanda, kibarua huweza kutambuliwa kuwa mwajiriwa wa kiwanda tangu mwanzo.

Jambo ambalo mameneja wengi hulidharau ni hili: mkandarasi asipolipa, mwajiri mkuu, yaani mwenye kiwanda, ndiye analipa, kisha amdai mkandarasi. Kwa hiyo ankara ya mkandarasi isipitishwe kwa jumla ya vichwa. Idai pamoja na orodha ya majina, siku na saa za kila mtu, uthibitisho wa benki kwamba fedha za mwezi uliopita ziliingia, na stakabadhi za michango ya mfuko wa akiba na bima ya matibabu. Kisha chagua majina machache bila mpangilio, ulinganishe saa za getini na fedha zilizoingia benki. Zikitofautiana, usisubiri mwisho wa mwezi. Mshahara wa mwezi sharti ulipwe kabla siku ya saba ya mwezi unaofuata haijaisha, na anayeacha au kuachishwa kazi alipwe ujira wake ndani ya siku mbili za kazi. Saa za ziada ni malipo maradufu.

Sasa karatasi ya mshahara. Makampuni ya India hutaja mshahara kwa jumla ya gharama ya mfanyakazi kwa kampuni, kisha huikata vipande: mshahara wa msingi mdogo, posho ya nyumba, posho nyingine chungu nzima. Msingi ukiwa mdogo, mchango wa mfuko wa akiba na kiinua mgongo navyo huwa vidogo. Kanuni mpya inasema posho zisizohesabiwa kuwa mshahara zikizidi nusu ya malipo yote, ziada hurudishwa kwenye mshahara. Chukua mtu wa rupia 30,000 kwa mwezi: msingi 10,000, posho ya nyumba 8,000, posho nyingine 12,000. Posho ni 20,000, nusu ni 15,000, hivyo 5,000 zinarudi na mshahara wa kukokotolea unakuwa 15,000.

Mchango wake wa asilimia 12 kwenye mfuko wa akiba unapanda kutoka rupia 1,200 hadi 1,800. Mwajiri naye anaongeza 600, lakini kampuni nyingi huweka mchango wa mwajiri ndani ya ile jumla ya gharama, kwa hiyo mfukoni mtu anaweza kupoteza 1,200 kila mwezi. Kiinua mgongo hukokotolewa kwa mshahara wa mwisho, mara 15, gawanya kwa 26, mara miaka. Kwa miaka sita alikuwa apate 34,615. Sasa ni 51,923. Mfanyakazi huona pungufu ya leo, haoni nyongeza ya kesho, na meneja asiyekaa naye na karatasi hiyo mezani ataitwa mwizi. Mweleze kabla mshahara haujaingia. Kikomo cha lazima cha mfuko ni mshahara wa 15,000, kwa hiyo kwa wenye msingi unaofikia kiasi hicho, mchango wa lazima wa mfuko haubadiliki.

Walioajiriwa kwa muda maalumu sasa hupata kiinua mgongo baada ya mwaka mmoja, bila kungoja mitano. Bajeti nyingi zilizoandikwa kabla ya hapo hazina fungu hilo.

Kuhusu malalamiko, sehemu yenye wafanyakazi 20 au zaidi iwe na kamati isiyozidi watu 10, nusu kwa nusu baina ya mwajiri na wafanyakazi, inayoamua ndani ya siku 30. Kamati ya unyanyasaji wa kijinsia ni nyingine, kwa mujibu wa sheria ya 2013, kuanzia watu 10. Mwenyekiti ni mwanamke wa ngazi ya juu, na mjumbe mmoja hutoka nje ya kampuni. Mgomo unahitaji notisi ya siku 14, na nusu au zaidi ya wafanyakazi wakichukua kwa pamoja likizo ya dharura siku moja, huo nao ni mgomo.

Hesabu nyingine isiyo kwenye sheria ni kalenda. Bonasi ya kisheria ni kati ya asilimia 8.33 na 20 ya mshahara, na kwa desturi hutolewa kabla ya Diwali, sikukuu ya taa ya Wahindu. Siku sita baada ya Diwali ni Chhath, sikukuu nyingine ya Wahindu, na wafanyakazi kutoka Bihar na mashariki mwa Uttar Pradesh watapanda treni hata ukiwanyima ruhusa. Ukiwa na mashine kwenye miji ya viwanda kama Surat au Ludhiana, panga oda zako ziishe kabla, toa ruhusa kwa zamu ukianza na waishio mbali, na andika tarehe ya kurudi pamoja na tarehe ya kuondoka.