Mamlaka ya Mahakama Nje ya Mipaka ya Nchi

Kwa kawaida mahakama huhukumu yaliyotendeka ndani ya nchi yake. Ikimhukumu mtu kwa jambo alilolitenda kwingine, hapo inatumia mamlaka ya nje ya mipaka. Mara nyingi kinachoipa nguvu ni uraia, wa mtuhumiwa au wa aliyedhuriwa. Lakini yapo makosa machache ambayo nchi yoyote yaweza kuyahukumu, na kongwe kati yake ni uharamia wa baharini.

Mombasa inalijua jambo hili vizuri. Machi 2009 wanamaji wa Ujerumani waliwakamata washukiwa tisa wa uharamia katika Ghuba ya Aden, wakawakabidhi kwa Kenya. Washukiwa si Wakenya, meli waliyodaiwa kuishambulia si ya Kenya, manowari iliyowanasa si ya Kenya, na tukio lenyewe liko mbali mno na maili 12 za bahari ya Kenya. Hata hivyo wakapandishwa kizimbani Mombasa.

Mawakili wao wakakimbilia Mahakama Kuu. Kifungu cha 69 cha Kanuni ya Adhabu kilitaja uharamia hadi bahari kuu, yaani bahari isiyo ya nchi yoyote, ila kifungu cha 5 cha sheria hiyohiyo kinasema mahakama za Kenya zina mamlaka ndani ya Kenya, bahari yake ikiwemo. Novemba 2010 Jaji Mohammed Ibrahim akakishika cha 5: Mombasa haina mamlaka. Oktoba 2012 Mahakama ya Rufaa ikautengua uamuzi huo, ikishikilia kwamba haramia ni adui wa wote, na nchi yoyote yaweza kumshtaki.

Wengi hudhani sheria ya kimataifa iko juu, ya nchi iko chini, basi yameisha. Mahakamani hayaishi hivyo. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Sheria ya Bahari, wa 1982, unaruhusu kila nchi kuwakamata maharamia bahari kuu, lakini haumwambii hakimu afunge mtu miaka mingapi. Hayo anayatafuta katika sheria ya kwao, na ikiwa vifungu viwili vya sheria hiyo vinavutana, wakili mwerevu hupenya hapohapo. Tena ibara ya 105 ya mkataba inataja mahakama za nchi iliyowakamata, ambayo katika kesi hii ni Ujerumani, si Kenya.

Kabla ya maamuzi hayo mawili ya Mahakama Kuu na ya Rufaa, Bunge la Kenya lilikuwa limeshakifuta kifungu cha 69 mwaka uleule wa 2009, likauweka uharamia katika sheria mpya ya usafiri wa meli.