Je, mwanamke mwandishi hagusi sheria mpaka awe mbunge?

Kwenye vijiwe vya kahawa Kariakoo utasikia hivi: sheria hutungwa na wabunge Dodoma, na mwanamke anayeandika hadithi au makala anaburudisha tu. Inaeleweka, maana kura ya mwisho kweli ni ya wabunge.

Lakini kabla ya kura kuna safari ndefu. Muswada huchapishwa kwenye Gazeti la Serikali, husomwa mara ya kwanza, kisha huenda kwenye kamati, na kamati huita wadau watoe maoni, hata kwa maandishi. Hapo kalamu ina nafasi yake.

Mfano wa mbali kidogo. Uingereza, mama mmoja mwandishi alinyimwa watoto wake na mumewe, naye sheria ya wakati huo haikumpa haki yoyote juu yao. Akaandika vijitabu, akavifikisha kwa wabunge. Mwaka 1839 ikapita sheria iliyowaruhusu akina mama kuomba mahakamani malezi ya watoto wadogo. Kura yenyewe wanawake wa huko waliipata 1918, tena si wote!

Si kwamba kitabu kimoja hubadili sheria. Wanaodai hivyo nao huzidisha chumvi.

Ukitaka kuhakikisha mwenyewe, fungua taarifa rasmi za majadiliano ya Bunge, ziko mtandaoni kwa Kiswahili. Chukua Sheria ya Ndoa ya 1971, soma kifungu cha 13 kuhusu umri wa kuoa na kuolewa, halafu linganisha hoja za wabunge na tarehe za makala unazozikumbuka. Kipi kilitangulia?